Likizo ndefu ya kiangazi: ifupishwe, ifutwe au iachwe? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Shule zinapofungwa kwa miezi miwili au mitatu, mjadala huu hufufuka. Wapo wanaotaka likizo ifutwe kabisa, na wapo wanaoona kuigusa ni kumnyang'anya mtoto utoto wake. Nimekusanya hapa maswali ninayoyasikia zaidi kutoka kwa wazazi na walimu. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: likizo ikizidi urefu, anayeumia zaidi ni mtoto ambaye kwao hakuna kitu. Lakini ukiifupisha halafu usifanye lolote jingine, umebadilisha tarehe tu.

Tunazungumzia likizo ya muda gani hasa?

Inategemea nchi. Marekani watoto wengi hukaa nyumbani wiki kumi au kumi na moja. Italia hufunga mwezi Juni na kufungua katikati ya Septemba, yaani wiki kumi na mbili au zaidi. Finland ni kama wiki kumi. Uingereza na Ujerumani ni takriban wiki sita, na Japani siku 40 hivi, kuanzia mwishoni mwa Julai hadi mwisho wa Agosti.

Kuna jambo watu hulipita haraka: urefu wa likizo haukwambii mtoto anasoma siku ngapi kwa mwaka. Sheria ya Italia inataka siku za masomo zisipungue 200, ilhali England, yenye likizo ya wiki sita, ina siku 190. Majimbo mengi ya Marekani yana 180. Waitaliano hufidia kwa kuwa na mapumziko machache katikati ya mwaka, na shule nyingi hufundisha hata Jumamosi. Kwa hiyo mtu akisema "wale wana likizo ndefu, ndiyo maana hawasomi", mwombe kwanza ahesabu siku.

Si ilianzishwa ili watoto wasaidie mashambani?

Hii ndiyo hadithi inayosimuliwa kuliko zote, na kwa Marekani si sahihi. Fikiria kidogo kazi za shamba: kupanda ni majira ya kuchipua, na mavuno mengi ni majira ya vuli. Katikati ya kiangazi si wakati wa pilikapilika kubwa kuliko zote. Shule za vijijini za karne ya 19 zilikuwa na mihula miwili, mmoja wa baridi na mmoja wa kiangazi, na watoto walibaki nyumbani wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna. Kumbe mtoto wa mkulima alikuwa darasani kiangazi, wakati ambao leo tunadhani alikuwa shambani.

Mijini mambo yalikuwa tofauti. Katika miaka ya 1840, shule za miji mikubwa kama New York zilifunguliwa siku zaidi ya 240 kwa mwaka. Ila joto lilikuwa kali, majengo hayakuwa na hewa ya kutosha, maradhi ya mlipuko yalitisha, na familia zenye uwezo zilihama mji kila kiangazi. Madarasa yakawa nusu matupu. Pia madaktari na wanaelimu wa wakati ule waliamini kwamba akili ya mtoto ikitumikishwa mfululizo huchoka na kuharibika. Nao walimu walihitaji muda wa kwenda kujifunza. Baadaye majimbo yalipotaka kalenda moja kwa mjini na kijijini, wakakutana katikati: mjini wakapunguza siku, kijijini wakaongeza, na kiangazi kikawa ndio wakati wa kufunga.

Mahali pengine shamba lilihusika kweli. Scotland likizo ya Oktoba iliitwa likizo ya viazi, kwa kuwa watoto walitolewa shule kwenda kuvichimba. Lakini hiyo ni Oktoba, si kiangazi.

Kwa nini nakaa sana kwenye historia? Kwa sababu hoja ya "sisi si wakulima tena, kwa hiyo tuifute" inasimama juu ya msingi ambao haupo. Kama likizo itabadilishwa, ibadilishwe kwa sababu za leo.

Ni kweli watoto husahau waliyojifunza?

Husahau, na mwalimu yeyote aliyefungua mwaka mpya na darasa la hisabati anaijua kazi ya wiki zile za kwanza: unarudia mgawanyo, unarudia sehemu, halafu ndipo unafungua ukurasa mpya.

Utafiti unaotajwa zaidi ni ule wa Harris Cooper na wenzake wa mwaka 1996, ambao ulikusanya tafiti nyingi za nyuma na kuzijumlisha. Waliona kwamba kwa wastani alama za baada ya likizo zilikuwa nyuma kwa kiasi cha kama mwezi mmoja wa masomo kuliko za kabla ya likizo. Mambo yaliyopotea zaidi ni kukokotoa hesabu na tahajia. Hilo halishangazi. Ni stadi zinazodumu kwa mazoezi ya mara kwa mara, na ni watoto wachache wanaokutana na hesabu za kuzidisha wakiwa likizoni. Kwenye kusoma hali ilikuwa tofauti: watoto wa familia za kipato cha kati walisogea mbele kidogo, wa kipato cha chini walirudi nyuma.

Kwa nini likizo imwumize zaidi mtoto wa maskini?

Wanasosholojia Doris Entwisle, Karl Alexander na Linda Olson walilieleza kwa mfano wa bomba la maji. Shule ikiwa wazi, bomba limefunguliwa na kila mtoto anakinga, wa tajiri na wa maskini. Shule ikifungwa, bomba linafungwa. Nyumba yenye akiba ya maji, yaani vitabu, safari, kambi za kulipia na mtu mzima mwenye nafasi ya kukaa na mtoto, inaendelea kuwanywesha wanawe. Nyumba nyingine inasubiri bomba lifunguliwe tena.

Watatu hao waliwafuatilia watoto wa Baltimore walioanza darasa la kwanza mwaka 1982, wakiwapima mwanzoni na mwishoni mwa mwaka wa masomo ili waweze kutenganisha kiangazi na muhula. Mwaka 2007 walitangaza kwamba kiasi cha theluthi mbili ya pengo la kusoma lililoonekana walipofika darasa la tisa lilitokana na tofauti za kiangazi katika miaka ya shule ya msingi. Takwimu hiyo imesafiri sana, na ndiyo iliyowafanya wengi waione likizo kama adui wa usawa.

Matokeo hayo yamewahi kupingwa?

Yamepingwa, na anayetetea kufupishwa kwa likizo ana wajibu wa kulisema hilo waziwazi. Mtafiti Paul von Hippel alizichambua upya takwimu za zamani pamoja na mpya. Aligundua kwamba mitihani ya miaka ya 1980 ilibadilisha maswali mtoto alipopanda darasa, yaani mtoto alipimwa kwa karatasi moja kabla ya likizo na kwa karatasi nyingine baada ya likizo. Namna ya kuhesabu alama nayo ililikuza pengo. Alipotumia vipimo vya kisasa, pengo kati ya matajiri na maskini halikuongezeka sana kiangazi. Sehemu kubwa ya pengo tayari ilikuwepo siku mtoto alipovuka mlango wa shule kwa mara ya kwanza.

Pande zote mbili zinakubaliana kwamba watoto hujifunza haraka zaidi shule ikiwa wazi, na kwamba kiangazi kasi hiyo husimama au hurudi nyuma. Mabishano ni kuhusu ukubwa wa hasara na nani anaibeba. Kwangu, kujua kwamba pengo huanza kabla ya shule hakuifanyi miezi mitatu ya kusimama kuwa jambo jema kwa mtoto ambaye tayari yuko nyuma. Kunanifanya nisiahidi kwamba kalenda peke yake italiziba.

"Shule ya mwaka mzima" maana yake ni nini? Watoto hawatapumzika tena?

Watapumzika. Jina ndilo linalotisha. Mfumo unaojulikana zaidi Marekani ni wa siku 45 darasani na siku 15 nyumbani, kisha unajirudia mwaka mzima. Hesabu utaona siku ni zilezile 180. Likizo moja ndefu imekatwa vipande na kutawanywa.

Hapo ndipo naomba msomaji atulie. Kuhamisha siku si kuongeza siku. Mapendekezo mengi yanayopita kwenye vikao vya shule ni ya kuhamisha, lakini wanaoyanadi hutaja faida kana kwamba ni ya kuongeza. Kuongeza siku kunahitaji mishahara zaidi, umeme zaidi, mabasi zaidi na chakula zaidi. Mtu akikuletea pendekezo, swali lako la kwanza liwe: mwishoni mwa mwaka mwanangu atakuwa amesoma siku ngapi?

Na pale ilipojaribiwa, alama zilipanda?

Kidogo sana, au hapana. Mwaka 2007 shule 22 za kaunti ya Wake, North Carolina, zilihamia kalenda ya mwaka mzima. Wanauchumi Steven McMullen na Kathryn Rouse walizichunguza na kukuta kwamba kwa wastani hapakuwa na athari yoyote ya maana kwenye alama. Inaelekea watoto walisahau kidogo kidogo katika kila likizo fupi badala ya kusahau kwa mkupuo, na mwisho wa mwaka hesabu ikawa ileile.

Los Angeles ina kisa kichungu zaidi. Shule zilijaa kupita kiasi, wakagawa wanafunzi katika makundi yaliyopokezana majengo mwaka mzima, kundi moja likiwa nyumbani wakati mengine yako darasani. Mpango mmojawapo ulimpa mwanafunzi siku 163 tu badala ya 180, kwa kurefusha saa za kila siku. Waliowekwa humo walikuwa hasa watoto wa mitaa maskini. Kesi iliyofunguliwa dhidi ya jimbo la California ilimalizika kwa makubaliano mwaka 2004, na mpango huo ukatakiwa ukomeshwe ifikapo 2012. Kalenda ya mwaka mzima hapo ilikuwa njia ya kukwepa kujenga madarasa, na nasikitika kwamba wengi wanaoisifu leo hawajawahi kusikia habari zake.

Finland wana likizo ndefu na bado walikuwa wa kwanza. Si ushahidi huo?

Ni ushahidi kwamba nchi inaweza kufundisha vizuri ikiwa na likizo ya wiki kumi. Katika mtihani wa kimataifa wa PISA wa mwaka 2000, Finland iliongoza kwa kusoma. Lakini katika miaka iliyofuata alama zake zimeshuka, huku likizo ikibaki ileile. Kitu ambacho hakikubadilika hakiwezi kueleza kupanda wala kushuka. Ningemshauri kila mtu aiache Finland nje ya mjadala huu.

Mbali na masomo, likizo inagusa afya?

Inagusa, na hili ndilo linaloninyima usingizi kuliko alama. Von Hippel na Joseph Workman waliwafuatilia watoto wa Marekani kuanzia shule ya awali hadi darasa la pili, na matokeo yao yalitoka mwaka 2016. Unene wa kupindukia uliongezeka kutoka asilimia 8.9 hadi 11.5, na ongezeko lote lilitokea wakati wa likizo za kiangazi, si shule zikiwa wazi. Watu wengi hufikiria kinyume, kwamba likizo ni kukimbia na kucheza nje. Kwa watoto wengi ni kulala ovyo, kukaa mbele ya skrini na kula bila mpangilio. Ratiba ya shule inalinda mwili pia.

Upande wa pili wa sarafu ni njaa. Mamilioni ya watoto wa Marekani hula chakula cha bure au cha bei nafuu shuleni. Shule ikifungwa, sahani hiyo inaondoka. Kuanzia 2024 serikali kuu imekuwa na mpango wa kudumu wa kuzipa familia za kipato cha chini dola 120 kwa kila mtoto kwa kiangazi chote. Baadhi ya majimbo yalikataa kujiunga. Dola 120 ukizigawa kwa wiki kumi ni dola 12 kwa wiki. Ni msaada, na ni bora kuliko kutokuwa na kitu, lakini haulingani na mlo wa kila siku ya shule.

Madarasa yatavumilika kwenye joto?

Swali hili lilikuwepo miaka 150 iliyopita na bado lipo. Mwaka 2020 Jisung Park, Joshua Goodman na wenzao walichapisha utafiti uliotumia alama za mamilioni ya wanafunzi wa Marekani. Katika shule zisizo na viyoyozi, kila nyuzi moja ya Fahrenheit iliyoongezeka katika wastani wa mwaka wa masomo ilipunguza kilichofunzwa mwaka huo kwa takriban asilimia moja. Penye viyoyozi hasara karibu yote ilitoweka. Kwa hiyo anayetaka kufundisha Julai katika jengo linalochemka aanze na bajeti ya jengo.

Walimu wanasemaje?

Wengi wanapinga, na si kwa uvivu. Walimu wengi wa Marekani wanalipwa kwa mkataba wa miezi kumi, na kiangazi hufanya kazi nyingine au huongeza elimu yao. Ukigawa mapumziko vipande vya wiki mbili mbili, kazi hizo na kozi hizo zinakuwa ngumu kupatikana. Shule inayotaka walimu wake wafanye kazi zaidi iwalipe zaidi. Sioni haja ya kurefusha jibu hili.

Na wazazi wanaofanya kazi?

Wao wamenaswa. Hakuna mwajiri anayetoa likizo ya wiki kumi. Mwenye bibi au shangazi karibu anashukuru, mwenye fedha analipia kambi, na asiye na kimoja kati ya hivyo anamwachia mkubwa awalinde wadogo. Likizo fupi zilizotawanyika zinapunguza mzigo wa kiangazi, ila zinauleta mzigo huo mara nne kwa mwaka. Mzazi mwenye mtoto mmoja msingi na mwingine sekondari, kila shule ikiwa na kalenda yake, anapata taabu maradufu.

Kuna pia gharama ya safari. Familia zote zikipumzika wiki zilezile, bei hupaa. England mzazi akimtoa mtoto shuleni bila ruhusa ili asafiri kwa bei nafuu, faini yake imekuwa pauni 80 tangu Agosti 2024. Ujerumani wamelitatua hilo kwa njia ninayoipenda: kila jimbo huanza likizo kwa tarehe yake, kwa zamu, ili barabara na hoteli zisijae siku moja. Uholanzi nao wameigawa nchi katika kanda tatu.

Nani hasa anazuia mabadiliko?

Mara nyingi biashara ya utalii. Jimbo la Virginia mwaka 1986 lilipitisha sheria ya kuzizuia shule kufunguliwa kabla ya sikukuu ya wafanyakazi ya mwanzoni mwa Septemba, na watu wakaibandika jina la bustani kubwa ya michezo iliyofaidika nayo. Ilidumu hadi ilipolegezwa 2019. Michigan nao wana sheria ya namna hiyo tangu 2005. Vijana wa sekondari ni vibarua wa kiangazi, na familia zao ni wateja.

Siidharau kazi ya vijana, hata hivyo. Mwaka 2012 Chicago iliwapa vijana wa mitaa yenye vurugu kazi za muda kwa wiki nane za kiangazi. Mtafiti Sara Heller alikuta kwamba katika miezi 16 iliyofuata, kukamatwa kwao kwa makosa ya ukatili kulipungua kwa asilimia 43 wakilinganishwa na wenzao waliokosa nafasi. Wiki hizo nane zisingepatikana katika kalenda ya siku 15.

Kuna nchi inayobadilisha sasa?

Wales ilipendekeza kupunguza kiangazi kutoka wiki sita hadi tano na kuiongeza wiki moja kwenye mapumziko ya vuli. Baada ya maoni ya wananchi, serikali ikaahirisha uamuzi mwaka 2024. Wiki moja tu, na bado ilishindikana.

Wewe ungefanya nini?

Penye wiki kumi au kumi na mbili ningeshusha hadi sita au saba. Penye sita ningeacha. Kufuta kabisa siungi mkono: mtoto anahitaji kipindi kirefu cha kuchoka na kutokuwa na la kufanya hadi abuni mchezo wake mwenyewe, anahitaji kukaa na babu na bibi, na kijana anahitaji kuonja mshahara wa kwanza.

Lakini kama ningepewa fedha za kufanya jambo moja tu, nisingegusa kalenda. Ningefungua milango ya shule kiangazi kwa hiari, bila malipo, kwa watoto wanaohitaji zaidi: asubuhi hisabati na kusoma, mchana michezo na sanaa, chakula na basi vikiwemo. Shirika la utafiti la RAND lilifuatilia mpango wa aina hiyo katika miji mitano ya Marekani. Waliohudhuria siku 20 au zaidi walinufaika, hasa kwenye hisabati. Waliojiandikisha wakaja siku mbili tatu hawakupata kitu. Hivyo kazi ngumu ni kumfanya mtoto atake kurudi kesho yake, na hilo linahitaji walimu wazuri na siku yenye raha.

Na mimi mzazi, nifanye nini likizo hii wakati wakubwa wanajadiliana?

Mpe mtoto vitabu, na umwache avichague mwenyewe. Richard Allington na Anne McGill-Franzen waliwapa watoto wa shule maskini vitabu 12 kila kiangazi kwa miaka mitatu mfululizo, watoto wakichagua wenyewe. Walisoma vizuri zaidi kuliko wenzao ambao hawakupewa, na nafuu ilionekana zaidi kwa maskini kuliko wote. Kikiwa kitabu cha wanasoka au cha wanyama, ni sawa. Usimbadilishie.

Hesabu mpe kidogo kidogo: dakika kumi, siku tatu kwa wiki, na kama inawezekana ziwe za vitu vya kweli, kama chenji ya dukani, vipimo vya mapishi au saa za safari. Mlaze kwa saa ileile au karibu yake. Wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, anza kumwamsha mapema.